Mstari wa Sufuri

Mchezo umekwisha saa kumi na mbili kasorobo.
Korongo wa Kampala tano, sisi nne.
Watu wameondoka na gonja zao za kuchoma,
mimi nimebaki na penseli na daftari la mraba-mraba
kwenye meza ile ile ya mizani
ambako tangu alfajiri nilipima matrekta ya miwa:
likiingia na mzigo, likitoka tupu,
na tofauti ndiyo jasho la mtu.

Hesabu ya besiboli ni ndugu ya hiyo.
Kila aliyeshika gongo lazima awe mahali:
alifika nyumbani, au alitolewa,
au aliachwa kituoni, mguu juu ya gunia la mchanga.
Mlango wa nne hakuna.
Wanne walifika. Ishirini na saba walitolewa.
Saba waliachwa; hao nawachora kwa vitone
mwisho wa kila raundi.
Jumla thelathini na wanane.

Majina yangu yanatoa thelathini na saba.

Narudia, kwa kidole, kama mtoto wa chekechea.
Ssekabembe alisimama mara tano, mapigo mawili, kosa moja
(lile la raundi ya tatu, mpira ulipompita katikati ya miguu
kama kuku anayejua njia ya kwao.
Aliniomba nisiliandike.
Nikamwambia penseli hii haina shemeji).
Okwairwoth mara tano.
Mugoya mara nne, zote nne akapiga hewa
akautazama msitu wa Mabira
kana kwamba una deni lake.

Thelathini na saba.

Taa ya ofisi inavuta nondo. Kiwandani wanachemsha,
harufu ya molasi inaingia hadi kwenye karatasi.
Hapa mizani, tani moja ikipotea
mtu anaitwa ofisini, mtu halali.
Mtu mmoja akipotea daftarini
nani ataitwa?

Raundi ya saba. Naifuata kwa ncha ya penseli.
Lubowa, mrushaji wetu, bega limekwisha.
Kocha anamnyooshea kidole kijana wa benchi,
na pembeni, nje ya mraba, jina dogo
nililoliandika nikiwa nimesimama:
Onzima.

Mkata miwa wa kambi namba nne,
aliyeshuka basi la Arua na begi moja;
Kiswahili chake cha kupangia foleni, kama changu.
Mipira minne mibaya. Hakuutikisia gongo hata mmoja.
Akatembea hadi kituo cha kwanza
kama anayekwenda kuchukua mshahara.
Ssekabembe akajitoa kafara, akaulaza mpira kwenye nyasi:
Onzima wa pili.
Okwairwoth akaupeleka juu, mrefu, ukadakwa ukingoni mwa miwa:
Onzima wa tatu.
Kisha Mugoya. Hewa.

Mita ishirini na saba na kidogo
kutoka pale aliposimama hadi nyumbani.
Nakumbuka sasa: alibaki pale kitambo,
wenzake wakimtupia glovu wakiita zamu imekwisha,
naye bado ameinama mbele, mikono magotini.

Nilimruka kwa sababu mstari wake ungesomeka hivi:
zamu sufuri, pigo sufuri, bao sufuri.
Anayepewa kituo kwa mipira minne
hahesabiwi kuwa amepiga. Sheria ndivyo isemavyo.
Na mkono uliochoka, saa kumi na moja jioni,
huona sufuri tatu ukadhani ni nafasi wazi.

Namwandika. O, n, z yenye mkia.
Sufuri. Sufuri. Sufuri.
Kando, safu ya walioachwa: moja.
Hesabu inakaa, kama gari likitulia juu ya bamba la chuma.

Kesho saa moja trekta la kambi namba nne litapanda mizani,
naye juu ya mzigo, panga kiunoni.
Ataniuliza aliandikwaje.
Sijui nitamwonyesha nini kwanza,
zile sufuri, au ile moja.